Rula ya Uongo ya Opal Stuckey

Leland Amsbaugh aliingia karakana ya Verna Stuckey asubuhi ya Alhamisi akiwa amekumbatia taulo kama mtu aliyebeba paka mgonjwa. Aliliweka juu ya meza ya kazi akalifunua. Ndani yake mlikuwa na kioo cha mbele cha gari lake, kimepasuka kutoka kona moja hadi nyingine, vipande vimeshikana kwa ule utando wa katikati tu. Mzee wa miaka sabini na moja, aliyemjua Verna tangu akiwa msichana wa kukaa juu ya ndoo ya rangi katika karakana hiyo hiyo, hakusalimu wala hakuketi. Alisimama akitazama viatu vyake.

"Cha tatu hiki," alisema. "Cha kwanza kilipasuka pale relini, cha pili pale pale, na hiki nacho pale pale. Na wala sikuwa nakwenda mbio."

Verna hakuhitaji kuuliza fremu iliyoshika kioo hicho ilikuwa ya nani. Yake haikuwa, maana jina la Leland lilikuwa bado kwenye orodha ya wanaosubiri ukutani, la tisa kutoka juu. Kila fremu aliikata miguu yake ya kufungia kwa kupima gari lenyewe. Magari hayo ya wazi ya mwaka wa 1932 yamegongwa na kunyooshwa kwa miaka zaidi ya hamsini, hakuna mawili yanayolingana mabega, na anayekuambia yanalingana anakuuzia kitu. Kwa hiyo watu walisubiri mwaka na zaidi, wakanung'unika, wakasubiri tena. Leland alikuwa amechoka kusubiri. Alikwenda kwa Duane Kessinger kule La Habra, mwenye duka la vipuri, ambaye tangu majira ya kuchipua alikuwa akiuza fremu za shaba zenye mkunjo ule ule wa katikati kama za Verna na miguu ile ile iliyolala nyuma, na unaondoka nayo siku hiyo hiyo.

"Sasa aibu yako umeniletea mimi niifanyie nini?" Verna alimuuliza.

Leland akavuta pumzi. Alisema hilo la aibu lilikuwa dogo. Kubwa ni kwamba hakuwa peke yake. Alijua watu watano waliopasukiwa vioo, na wote walipokwenda kulalamika, Duane aliwapa jibu moja.

"Anasema fremu yake haina kasoro. Anasema kadibodi ya kipimo cha kukatia kioo ni ya Stuckey, na Stuckey ndiye aliyekosea kuichora. Anamwambia kila mtu, Verna. Anasema macho yako yamekwisha."

Hapo ndipo Verna alipoelewa kwa nini tangu Jumatatu wateja wawili walikuwa wamepiga simu kufuta majina yao, kila mmoja kwa sauti tamu na sababu isiyo na kichwa wala miguu. Watu wa magari haya nawajua. Ukisahau jina la mke wa mtu atakusamehe kabla hujamaliza kahawa. Ukisemwa kwamba unapasua vioo, utasemwa mpaka siku ya mazishi yako, na hata hapo kuna atakayenyanyua kidole.

Jambo lililomuuma zaidi ni kwamba jina hilo halikuwa lake peke yake. Lilikuwa la mama yake.

Opal Stuckey alijifunza kuchonga mifano ya mbao wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, wanaume walipokwenda na viwanda vya mji wa Vernon vikabaki na mashine zisizo na mikono. Mfano wa mbao ndio mama wa kila kitu cha shaba: unauzika katika mchanga uliopondwa, unautoa, unabaki uwazi wenye umbo lake, na humo unamimina shaba iliyoyeyuka. Vita vilipokwisha wanaume walirudi, Opal akaonyeshwa mlango. Akatoka na patasi zake na rula moja ya chuma. Vijana waliotoka vitani walikuwa wakinunua magari makuukuu, wakiyavua mabawa na paa na kuyatia injini kali. Kioo cha mbele cha kiwandani kiliwasimamia wima kama mlango wa choo. Opal akawachongea fremu ya kioo kilichokatwa katikati, pande mbili zikikutana kama pua ya mashua, zimelala kuelekea nyuma hata gari likisimama unadhani linakwenda.

Ile rula waliiita rula ya uongo. Shaba ikipoa hunywea, kidogo tu, lakini hunywea. Kwa hiyo mchonga mifano hutumia rula ambayo inchi zake ni ndefu kuliko inchi za kweli, ili mfano uwe mkubwa zaidi, na shaba ikishanywea ibaki saizi inayotakiwa. Opal alipenda kusema kwamba rula hii inasema uongo ili shaba iseme kweli. Alisema hivyo mara nyingi mno, kwa kweli, hata watu wakawa wanamkimbia.

Leland alipoondoka, akiwa ameacha fremu yake nje kwenye gari kwa sababu aliona haya kuileta ndani, Verna alifunga mlango na kuogopa. Ni kweli alivaa miwani miwili siku hizi, mmoja puani na mmoja kichwani. Je, kama Duane alikuwa anasema kweli? Alitoa kadibodi zote kwenye droo, akazipanga sakafuni, akazipima moja moja kwa rula ya kawaida, kisha akazilinganisha na vioo vilivyokuwa tayari ukutani. Alirudia mara tatu. Kadibodi zilikuwa sawa. Hakuamini, akarudia ya nne, na magoti yakamuuma, na zilikuwa sawa.

Kesho yake alimpigia Leland simu, akamwambia aivue ile fremu ailete, na aache kujificha kama kuku aliyetaga kwa jirani.

Aliiweka kwenye meza akaipima. Upande wa kushoto ulipaswa kuwa inchi ishirini. Ulipungua karibu theluthi ya inchi. Upande wa kulia nao ulipungua vile vile. Mguu wa katikati ulipungua, na miguu ya pembeni ilipungua, kila mmoja kwa kiasi cha urefu wake. Mtu akikosea hukosea mahali fulani. Kitu kikipungua kila mahali kwa uwiano mmoja, hapo hakuna mkono uliokosea. Hapo kuna shaba iliyonywea mara mbili.

Verna aliketi juu ya ndoo ya rangi akacheka mpaka Leland akaingiwa na wasiwasi.

"Miaka miwili iliyopita Duane alinunua fremu kwangu," alimwambia. "Nzima, pamoja na kadibodi zake. Akanisifu mpaka nikaona haya. Basi hakuchonga mfano wowote. Ameichukua fremu yangu, ameizika mchangani, akamimina shaba. Fremu yangu ilishanywea, na yake imenywea tena juu yake. Halafu anakatia kioo kwa kadibodi yangu, kile kioo kikubwa kinaingia wapi? Wamechonga ule mpira wa kuzunguka kioo ukawa mwembamba kama ganda la kitunguu ili kiingie. Kioo kimekaa juu ya chuma kitupu. Ukifika relini, kwisha."

Leland aliuliza kama jambo hilo linaweza kuthibitishwa, maana Duane alikuwa akiapa mbele za watu kwamba amechonga mifano yake mwenyewe, kwa mikono yake miwili, tangu ubao mtupu.

Verna alikuwa ameanza kuvuta ule mpira kutoka kwenye mfereji wa fremu, aone jinsi walivyouchonga. Ulitoka kwa shida. Chini yake, ndani kabisa ya kona, mahali ambapo hakuna wa kung'arisha wala wa kutazama, palikuwa na kishimo kidogo chenye mstari mmoja kukipitia kwa mshazari. Kilikuwa kimefifia, lakini kilikuwepo. Alivua miwani, akavaa mingine, kisha akaweka fremu chini polepole. Cheko lilikuwa limekwisha, na machozi yalimjaa kabla hajajua kama analia kwa hasira au kwa kitu kingine.

Mfano wa mbao haupendi kona kali, huvunja mchanga. Mchongaji hujaza kona kwa nta na kuilainisha kwa kidole gumba. Kidole gumba cha Opal kilikuwa na kovu la patasi, la mshazari, alilolipata mwaka wake wa kwanza kiwandani. Kila fremu iliyotoka katika mfano wake ilikuwa na kidole hicho ndani ya kona, chini ya mpira. Wateja hawakujua. Alijua Verna, na alijua Chuy Barragán, mwenye kiwanda cha kusubu kule Vernon, aliyewamiminia shaba kwa miaka thelathini.

Verna alipompelekea ile fremu, Chuy alitikisa kichwa. "Amezaa na mtoto badala ya kuzaa na mama," alisema, "na mjukuu katoka kibeti." Akamshauri atafute wakili. Verna alisema wakili angechukua miaka miwili na Duane angetabasamu muda wote huo. Alichotaka ni shaba kwa ajili ya fremu moja, ya Leland, na aipate kabla ya Jumamosi ya wiki inayofuata. Chuy alimwambia haiwezekani, akaenda kuwasha tanuri.

Kila Jumamosi alfajiri watu wa magari haya hukutana nyuma ya duka moja la donati huko Pomona. Saa kumi na mbili na nusu uwanja huwa umejaa, boneti ziko wazi, kila mtu ana kikombe mkononi na anamfundisha mwenzake jambo asilolijua. Duane alikuwa na meza yake pale, kitambaa chekundu, fremu sita zinazong'aa. Ni mtu mrefu, mcheshi, kofia ya majani kichwani, na ukweli lazima usemwe: watu walimpenda. Alikumbuka majina ya watoto wao.

Leland aliingia na gari lake jeusi, likiwa na kioo kipya kilichofungwa jana yake mchana. Verna alikuwa kiti cha pembeni, amepakata furushi la blanketi. Duane alimwona akamkaribisha kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, akamuuliza kama amekuja kununua fremu ambayo haina foleni ya mwaka mzima. Watu walicheka. Wengine walitazama kando, na Verna aliwajua ni akina nani.

"Nimekuja kujifunza," alisema. "Nasikia mifano umechonga mwenyewe."

"Mwenyewe, dada. Tangu ubao mtupu."

"Hukutumia kitu changu chochote?"

"Kadibodi zako tu, na bora nisingezitumia," Duane akasema, na watu wakacheka tena, kidogo kuliko mwanzo.

Verna alimwomba arudie kuhusu mifano, kwa kuwa wazee wengine wa nyuma hawakusikia vizuri. Duane akarudia. Ndipo Verna alipofungua blanketi. Kwanza aliweka juu ya kile kitambaa chekundu mfano wa Opal, mbao zilizopakwa vanishi mpaka zikawa rangi ya asali. Kando yake akaweka fremu yake mwenyewe, nusu ya upande mmoja. Kisha akaomba ruhusa, akachukua fremu ya Duane akaiweka ya tatu. Akazisukuma zote mpaka mwanzo wake ukalingana kwenye ukingo wa meza, akarudi nyuma.

Hakuna aliyehitaji rula. Upande wa pili zilishuka kama ngazi: mama, mtoto, mjukuu. Kati ya ya kwanza na ya pili ungeweza kupitisha penseli, na kati ya ya pili na ya tatu ungeweza kuipitisha penseli ile ile. Verna aliwaeleza kuhusu kunywea kwa maneno machache. Wengi pale walikuwa mafundi, walielewa kabla hajamaliza. Minong'ono ikaanza, na wale watano waliopasukiwa vioo wakasogea mbele.

Duane hakuwa mtu wa kukatwa kauli mara moja. Alisema yeye alichora ya kwake iwe ndogo kwa makusudi, kwa ajili ya uzuri, na kwamba mtu yeyote anaweza kuchora kitu kidogo, hiyo si jinai. Alisema yote hayo akitabasamu. Baadhi ya vichwa vilianza kukubali, kwa sababu watu hupenda kumwamini mtu anayekumbuka majina ya watoto wao.

Verna alichukua koleo akavuta mpira kutoka kwenye fremu ya Duane, pale pale kwenye kona. Akavuta wa yake. Akazisogeza zote tatu kwenye mwanga wa jua lililokuwa likipanda juu ya duka, akamwita Leland atazame, na Leland akawaita wengine. Walipita mmoja mmoja, wakiinama. Kishimo, na kovu la mshazari. Katika mbao lilikuwa limekaa wazi, katika fremu ya pili lilikuwa wazi, katika ya tatu lilikuwa limefifia kama muhuri uliopigwa mara mbili kwa wino ule ule.

"Hicho ni kidole gumba cha mama yangu," Verna alisema. "Alifariki miaka kumi na moja iliyopita. Sasa nionyeshe chako, Duane. Nionyeshe kovu."

Duane alikuwa ameshika kikombe cha kahawa. Kwa muda alikitazama kidole chake kilichokuwa juu ya kile kikombe, kizuri, laini, kisicho na alama hata moja. Uwanja mzima ulikuwa ukikitazama pamoja naye. Za mwizi ni arobaini, na hii ilikuwa ya arobaini, mbele ya donati na watu mia mbili.

"Niliitoa kwenye ile niliyonunua kwako," alisema hatimaye, kwa sauti ya chini.

"Na vioo?"

"Vioo si kosa lako. Kadibodi zako ziko sawa."

"Waambie na wale wazee wa nyuma," Verna alimwambia.

Akawaambia. Alivua kofia kwanza, na hilo namhesabia.

Lakini Leland hakuridhika na maneno. Alisema maneno yalimpasulia vioo vitatu, na sasa anataka reli. Reli yenyewe ilikuwa mtaa mmoja tu kutoka pale, njia mbili za treni ya mizigo, mbao zake zimeliwa na miaka na kuacha mashimo ya kuingiza goti. Uwanja mzima ulikwenda kwa miguu, vikombe mkononi, wakajipanga pande zote mbili. Verna alipanda kando ya Leland na kushika ukingo wa mlango. Alikuwa amepima kioo hicho mara nne na bado alifumba macho.

Leland alipita polepole mara ya kwanza. Gari lilidunda, kioo kikatulia. Aligeuza, akapita kwa kasi ya kutosha kumrusha Verna kitini. Kioo kikatulia. Mara ya tatu yule mzee, mwenye dawa za moyo mfuko wa shati, alikanyaga mafuta kama kijana aliyerudi kutoka vitani juzi, na magurudumu yote manne yakaachana na ardhi, watu wakayaona, wakabishana baadaye yalipanda kiasi gani. Gari lilitua kwa kishindo. Kofia ya Leland ilibaki relini. Verna alifungua macho, na mbele yake palikuwa na barabara, na milima, na anga, vyote vikiwa vizima, bila ufa hata wa unywele. Alipiga kelele. Hakuwa amepiga kelele hivyo tangu utotoni, na watu wa pande zote mbili za reli walimjibu.

Waliporudi uwanjani, mtu wa kwanza kati ya wale watano alikuwa ameshavua fremu yake garini na kuileta. Hakuipeleka kwa Duane. Aliiweka ndani ya pikapu ya Chuy, ambaye naye alikuwa amekuja kutazama, akamuuliza Verna kama anaweza kuandikwa kwenye orodha, hata kama ni mwaka mzima. Wengine wakafuata. Wale wawili waliofuta majina yao walikuja pamoja, kila mmoja akimsukuma mwenzake atangulie kusema. Verna aliwarudisha, ila chini kabisa ya orodha, na hawakuthubutu kubisha. Jumanne Duane mwenyewe alifika karakana na fremu zilizobaki dukani, zote, pamoja na ile aliyoinunua miaka miwili iliyopita. Alizishusha moja moja.

Ijumaa Verna na Chuy walizipasua kwa nyundo na kuzitia tanurini. Chuy alishika kipande cha mwisho chenye kona, akauliza kama angependa kuweka kimoja kwa ukumbusho, akitundike ukutani. Verna alikitazama kile kidole kilichofifia, akasema hapana, kitie na chenyewe.

Shaba ilimiminwa katika mchanga uliokuwa umetoka kukumbatia mfano wa Opal. Walisubiri ipoe na kunywea inavyotakiwa, wakala mikate ya nyama ya mke wa Chuy wakiwa wamesimama. Kisha Chuy akavunja mchanga kwa fimbo, akaisugua fremu kwa brashi ya waya, akampa Verna. Alipima kwa rula ya kweli: inchi ishirini. Akageuza kona ielekee dirishani. Kovu la mama yake lilikuwa pale, limenyooka, wazi kama siku lilipopigwa kwenye nta. Verna aliweka kidole gumba chake juu yake, shaba bado ina joto, akakiacha hapo mpaka Chuy akamwambia wana nyingine kumi za kumimina.